Muulize Mkunga: Kabla ya mashine, mjengeeni nesi nyumba

Barua za lishe na za uzazi wa mpango nimezisogeza toleo lijalo. Mwezi huu nimechagua tano zinazohusu zahanati zetu za vijijini, ambako nilitumikia maisha yangu yote ya kazi katika mkoa wa Lindi, kwanza Liwale, kisha Nachingwea mpaka nikastaafu. Barua nimezifupisha.

SWALI: Shikamoo Bibi Mkunga. Sisi ni wazawa wa kijiji kimoja wilayani Ruangwa tunaoishi Dar es Salaam. Tuna umoja wetu, tunachanga kila mwezi, na sasa tumefikisha shilingi milioni 11. Tumekubaliana tuisaidie zahanati ya nyumbani. Wengi wanataka tununue mashine ya ultrasaundi ili dada zetu wasisafiri hadi mjini. Wachache wanasema tujenge wodi. Unatushauri nini? (Katibu wa umoja, Mbagala)

JIBU: Marahaba, mwanangu katibu. Wasalimie wenzako wote. Fedha inayotoka kwa watu wenye kodi ya chumba na ada za watoto ina jasho ndani yake, ndiyo maana sitaki iishie kwenye mashine iliyofunikwa kitambaa kwenye kona.

Naomba kwanza mnijibu mimi: nesi wenu analala wapi?

Uchungu wa mama hauna saa za kazi. Kama nesi amepanga chumba kijiji cha pili, kilomita sita, kwa sababu pale zahanati hakuna nyumba ya mtumishi, basi mnayo zahanati ya mchana tu. Mama akifika saa nane usiku anakuta kufuli. Anarudi kujifungulia nyumbani, au mtoto anatokea pale pale barazani kabla mtu hajaenda kumwamsha nesi. Nimeyaona yote mawili. Mtoto mmoja wa barazani tulimpata akiwa ameshapoa.

Watumishi wapya nao nawajua. Anakuja binti wa miaka 24 ametoka chuoni, hana anayemjua kijijini. Anapewa chumba cha kupimia watoto alale humo, choo kiko nje, mlango hauna komeo. Kabla masika haijaisha ameshaandika barua ya uhamisho. Watu wazima wenzangu wanasema vijana wa siku hizi hawana wito. Sikubaliani nao hata kidogo. Mpeni nyumba yenye komeo, maji na taa, halafu ndipo mzungumze naye habari za wito.

Ultrasaundi siisemi vibaya. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apimwe mara moja kabla ya wiki ya 24. Lakini chombo kile kinataka mtu aliyesomea kukisoma, umeme usiokatikakatika, jeli, na fundi wa kukirekebisha. Kuna utafiti mkubwa uliotoa matokeo mwaka 2018. Ulifanyika Kongo, Kenya, Zambia, Pakistan na Guatemala. Watumishi wa vituo vya chini walifundishwa na kupewa mashine hizo. Mwishowe mahudhurio ya kliniki hayakuongezeka, na vifo vya akina mama na watoto wachanga havikupungua kuliko maeneo ambayo hayakupewa. Aliyewahi kukaa zahanati haimshangazi. Mashine inakuonyesha kondo la nyuma limekaa vibaya, sawa, halafu? Gari bado hakuna, hospitali bado iko kule kule, na damu ya kumwongezea mama bado iko huko huko hospitalini.

Kinachoongoza kuua akina mama ni kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Damu ile inaweza kummaliza mwanamke mwenye afya njema ndani ya saa mbili. Kinga yake ni sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapotoka, na dawa hiyo inataka kukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa muda mrefu kwenye joto inaweza kupoteza nguvu, na kwa kuitazama chupa huwezi kujua. Kifafa cha mimba nacho kinatangulia kuonekana kwa mashine ya presha na vijiti vya kupimia mkojo, vitu vya bei ndogo kabisa, lakini ingia zahanati kumi uulize ngapi zina mashine ya presha inayofanya kazi leo. Na mtoto anayezaliwa bila kulia anahitaji mkunga aliyefundishwa na mfuko wa kumpulizia hewa, ambu, ndani ya dakika ile ya kwanza. Hospitali nane za hapa kwetu Tanzania zilifundisha wakunga wao kazi hiyo, na matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 tangu kuzaliwa vilipungua kwa asilimia 47. Hakukuwa na mashine kubwa pale. Mafunzo, mikono na ambu.

Kwa hiyo kama mngeniachia mimi milioni 11 hizo, ningefanya hivi. Ningeomba kijiji kifyatue tofali na kuchimba msingi wa nyumba ya mtumishi, ninyi mlete saruji, mbao, bati na fundi. Ningeweka sola yenye betri nzuri inayowasha chumba cha kujifungulia na nyumba ya nesi, yote mawili, kwa sababu anayekaa gizani nyumbani kwake hakai. Ningefunga gata kwenye paa la zahanati na tenki la kuvunia maji ya mvua, maana mpaka leo kuna mahali ndugu wa mzazi wanatumwa wakachote maji ndipo mama aoshwe. Kitakachobaki ningenunua mashine mbili za presha, ambu ya watoto, na seti za kuzalishia, yaani koleo, mkasi na trei yake, seti tatu au nne. Wakijifungua wawili usiku mmoja huna muda wa kusubiri vyombo vichemke.

Fedha isipotosha kwa yote hayo, ianze nyumba. Na bakizeni kidogo, kwa sababu betri za sola huchoka baada ya miaka michache, na umoja mwingi hufurahia siku ya kukata utepe tu, taa ikizimika hakuna anayekumbuka nani wa kupigiwa simu.

Lakini msinunue hata mfuko mmoja wa saruji kabla hamjaandika barua kwa serikali ya kijiji na kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, mkajibiwa kwa maandishi. Mwaka 2007 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM), kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, wananchi walijitoa kweli kweli. Mpaka leo ukisafiri mikoani unayaona maboma yaliyosimama bila paa, miti imeota ndani. Watu walijenga kwa nguvu zao, halafu fedha ya kumalizia au watumishi havikuja. Jengo lisilosajiliwa halipangiwi mtumishi wala haliletewi dawa na Bohari ya Dawa. Ramani mchukue kwa mhandisi wa halmashauri.

Wodi muiache. Zahanati hailazi wagonjwa. Inampumzisha mzazi tu kabla hajarudi nyumbani.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina mimba ya miezi saba. Redioni wanasema mjamzito hatozwi. Kliniki nimeambiwa nije na glovu, pamba, nyembe, uzi wa kufungia kitovu na mpira wa kutandika. Mume wangu amekasirika, anasema nesi anauza vya serikali. Niache kwenda? (Tandahimba)

JIBU: Marahaba binti yangu. Usiache kwenda. Nakuomba hilo kabla ya mengine yote.

Redio imesema kweli. Sera yetu inasema huduma za mjamzito, za kujifungua na za mtoto chini ya miaka mitano hazilipiwi. Ila zahanati nayo ina shida ambayo haitangazwi: kundi kubwa linalohudumiwa, ninyi wajawazito na watoto, haliingizi fedha yoyote, na oda ya dawa na vifaa mara nyingi hailetwi yote. Unaagiza boksi kumi za glovu unaletewa nne. Wiki ya tatu zimeisha na wajawazito wako pale pale wanakuja. Nesi mwenye glovu mbili zilizobaki na wazazi watatu wa kutazamia wiki hiyo anakwambia uje na zako. Hakuandikiwa aseme hivyo, lakini afanyeje?

Sisemi hakuna wanaouza. Wapo, na wananiuma kuliko wanavyokuuma wewe, kwa sababu wananichafulia kazi yangu. Tofauti utaijua hivi. Ukiambiwa nenda kanunue duka la dawa, hapo ni upungufu. Ukiambiwa nipe mimi hela nitakununulia, bila risiti, hapo simama uulize. Lipeleke jambo kwa mjumbe wa kamati ya zahanati wa kitongoji chenu, au kwa mtendaji wa kijiji, mapema, ukiwa bado una nguvu zako. Mumeo asiende kugombana mlangoni siku ya uchungu. Siku hiyo nesi anahitaji kichwa kilichotulia kuliko kitu kingine chochote.

Na mwambie mumeo hili: kwenye utafiti wa taifa wa 2015/16, vifo vya uzazi vilikadiriwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ulikuta 104. Katika miaka hiyo hiyo wanaojifungulia kwenye vituo walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Sidai zahanati peke yake ndizo zilizofanya kazi hiyo, lakini nilikuwepo, na najua zamani tulikuwa tunaletewa akina mama wakiwa wameshachelewa. Kadi yako ya kliniki, ile namba 4, itunze, vidonge vya kuongeza damu vimeze hata vikikukera tumbo, SP ya kukinga malaria imeze pale pale mbele ya nesi. Nguo za mtoto na kanga safi weka kwenye mfuko kuanzia leo.

SWALI: Assalam aleykum. Niko Muscat. Tumekusanya dawa kutoka kwa familia za hapa, nyingine zimefunguliwa kidogo tu, tunataka tujaze maboksi tuyapeleke zahanati ya kwetu Kilwa. Tunaanzaje?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Msianze. Dawa haziingii nchini bila kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani tangu 1996 inataka dawa ya msaada iwe kwenye orodha ya dawa muhimu ya nchi inayopokea, na ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Iliyofunguliwa nyumbani kwa mtu haipokelewi kabisa. Mkileta mtamwachia mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, kazi ya kuorodhesha, kuomba kibali cha kuteketeza na kulipia uteketezaji, wakati anahitaji ALu, dawa mseto ya malaria, na amoksilini. Nia yenu ni njema na ina thawabu. Ulizeni zahanati ile imepungukiwa nini mwezi huu, mnunue hapa hapa Tanzania dukani kwenye risiti na dhamana. Hata kubadilisha kitambaa cha mkononi cha mashine ya presha kilichopasuka ni sadaka, maana mashine nyingi zimetupwa kwa ajili ya kitambaa hicho tu.

SWALI: Shikamoo. Nimechaguliwa mjumbe wa kamati ya zahanati ya kijiji chetu huku Masasi. Tunaitwa, tunapewa soda, tunasomewa taarifa, tunasaini. Sijui hata nilichosaini. Mimi ni mkulima, nimeishia darasa la saba. Nifanye nini nisiwe mtu wa kusaini tu?

JIBU: Marahaba, baba. Barua yako imenifurahisha kuliko zote.

Nilipokuwa mfawidhi nilikuwa na mjumbe mzee mmoja ambaye hakujua kusoma. Kila kikao, kabla hajakaa, aliomba nimfungulie kabati la dawa. Anaangalia, anauliza kopo hili la nini, hili mbona ni moja, mwezi uliopita yalikuwa manne, yamekwenda kwa nani. Ndipo nimwonyeshe kwenye leja. Mwanzoni nilikereka. Baadaye nikawa naandaa leja yangu vizuri kwa ajili yake, na siku halmashauri walipotushuku dawa zimepotea, yeye ndiye aliyesimama akanitetea, kwa sababu alikuwa anajua kila kopo.

Kwa hiyo fungua kabati. Uliza vitu vichache tu, ila vile vile kila mwezi: dawa mseto ya malaria, amoksilini ya watoto, ORS na zinki za kuharisha, oksitosini, sindano za uzazi wa mpango. Ipi imeisha? Imeisha tangu tarehe gani? Imeagizwa lini? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Dawa zikiletwa na gari la Bohari, kamati inatakiwa kushuhudia mapokezi, basi uwepo. Hesabu maboksi na karatasi ya dereva ikiwa mkononi.

Upande wa fedha, tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati yenyewe. Hazikai tena kwenye akaunti ya halmashauri. Hilo ni badiliko kubwa sana, na wajumbe wengi hawajui kuwa wanakaa juu ya mfuko wao wenyewe. Omba taarifa ya benki, omba mpango wa mwaka, uliza kwenye mpango tuliandika nini na kimenunuliwa nini. Usiposoma vizuri, mchukue mjumbe mwalimu akusomee kwa sauti kikaoni. Hakuna sheria inayokataza kusoma kwa sauti.

Halafu rudisha habari kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Watu wakijua dawa imeisha kwa sababu oda haikutimia, wanaacha kumtukana nesi, na wakati mwingine wanafanya jambo. Kijiji kimoja nilichofanya kazi Nachingwea kilikubaliana mkutanoni wakatwe kiasi kidogo kwa kila kilo ya korosho kupitia chama cha msingi. Fedha ile ikamlipa mlinzi wa zahanati na kununua kitanda cha kujifungulia. Kabla ya mlinzi tulikuwa wanawake wawili peke yetu usiku kucha, na kila mbwa akibweka tunashtuka.

Usimdharau nesi katika kuuliza kwako. Muulize kwanza ameshakula, ameshalipwa posho zake za likizo, paa la chumba chake linavuja? Kamati inayouliza dawa tu na kumsahau mtu itabaki na dawa bila mtu.

SWALI: Bibi shikamoo. Mimi ni dereva wa bodaboda. Mke wangu ana miaka 18, hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Nyumba yetu na zahanati ni hatua chache tu. Sasa nesi ametuandikia tukajifungulie hospitali ya wilaya. Mimi naona ametukataa. Kwa nini nisimpakie tu siku ikifika, ikishindikana zahanati ndipo twende? (Liwale)

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Hakuwakataa. Aliangalia kadi akaona mimba ya kwanza na umri mdogo, na hao ndio mara nyingi wanaopata uchungu mrefu, njia inabana, au presha inapanda mwishoni. Zahanati haina chumba cha upasuaji wala damu. Nesi anayejua mwisho wa uwezo wake ni nesi mzuri, na wewe una bahati.

Liwale naijua. Barabara zile nimezipita mvua ikinyesha, najua pikipiki inavyolala kwenye tope. Mke mwenye uchungu nyuma ya pikipiki, usiku, mvua, hapana. Mpeleke mapema, wiki mbili au tatu kabla ya tarehe. Uliza hospitali kama ina nyumba ya Mama Ngojea, wanakokaa wajawazito wanaotoka mbali wakisubiri siku zao. Kama haina, tafuta ndugu mjini. Weka akiba ya chakula chake na cha mtu wa kumsindikiza, maana wengi wanarudi nyumbani kabla ya siku kwa sababu ya njaa tu, na aibu ya kuisema.

Uchungu ukimwahi kabla hujampeleka, au akianza kuvimba uso, kichwa kumuuma sana, kuona maruweruwe au kutokwa damu, nenda kwa nesi hapo hapo hatua chache ulizosema. Yeye atapiga 115, namba ya m-mama, hailipiwi. Huko kuna mtu wa zamu anayepanga usafiri, na ambulensi isipokuwa karibu anatumwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, analipwa na mpango wenyewe. Inahusu mjamzito, mzazi aliyejifungua ndani ya siku 42, na mtoto mchanga ndani ya siku 28. Namba hiyo iandike ukutani nyumbani, na kwa kuwa unashinda kijiweni na vijana wenzako, waandikie na wao. Wewe mwenyewe nenda kaulize ofisi ya Mganga Mkuu wa Halmashauri utaratibu wa kusajiliwa. Ukiambiwa wanataka madereva wa magari tu, watajie mwenye gari unayemwamini hapo kijijini.